Kukaa Mpaka Kamera Isahaulike

Mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten mwezi Oktoba 2021, wiki chache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake pekee: dakika 30 na sekunde 1. Taarifa ya habari ilimpa nafasi yake, kisha ikaendelea na mengine. Maswali yaliyobaki, kuanzia Iten hadi Eldoret, hayaenei katika taarifa ya habari. Msichana akishinda, fedha anazishika nani? Shamba linaandikwa kwa jina la nani? Akitishwa, anakimbilia kwa nani? Kuyajibu kunahitaji mtu wa kukaa, na kukaa huko ndiyo kazi ya filamu ya hali halisi. Wanawake wa Kenya wanaifanya kwa ustadi ambao bado hatujausifu vya kutosha.

Judy Kibinge, aliyeanzisha mfuko wa Docubox jijini Nairobi kuwasaidia watengenezaji wa filamu hizi, alitoa *Scarred* mwaka 2015, kuhusu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Manusura wale walikuwa wamebeba habari yao kwa takriban miaka thelathini. Mtu wa namna hiyo humharakishi. Maia Lekow naye, pamoja na Christopher King, alitengeneza *The Letter* huko pwani, kuhusu bibi mzee aliyetuhumiwa uchawi na jamaa zake mwenyewe. Ukiitazama unajua kwamba familia ile ilikuwa imeshamzoea Lekow.

Tena yuko Toni Kamau, mzalishaji wa *Softie* na *The Battle for Laikipia*. Kazi ya mzalishaji haionekani kwenye skrini, na ndiyo ninayoistaajabia zaidi. Ndiye anayetafuta fedha kwa wafadhili walio mbali, anayefuatilia vibali, anayekubaliana na familia nini kitaonyeshwa na nini hakitaonyeshwa. Katika *Softie*, iliyopata tuzo ya uhariri kwenye tamasha la Sundance mwaka 2020, anayerekodiwa ni mwanaharakati Boniface Mwangi, lakini uzito wa filamu unamwangukia mkewe Njeri, na watoto. Filamu iliyotengenezwa kwa pupa ingemwacha mama huyo jikoni.

Huku Eldoret ufundi wenyewe una mitihani yake. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na mwanga laini wa asubuhi haukai. Wanariadha huanza kukimbia kungali giza, na mpiga picha hawezi kushindana nao kwa miguu; hupanda pikipiki au nyuma ya pikapu, akishikilia kamera isitikisike kwenye barabara ya murram, vumbi jekundu likitafuta lenzi.

Sauti ni ngumu kuliko picha. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, mahojiano yamekwisha. Barabara ya Uganda ina malori na bodaboda mchana kutwa. Ndiyo maana mrekodi sauti mzuri, baada ya mzee kumaliza kusimulia, huomba watu wote wanyamaze kidogo, akarekodi chumba kitupu. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri atauhitaji kuunganisha sentensi mbili bila mshono kusikika. Kisha kuna tafsiri. Mama akizungumza Kinandi kwa mafumbo, mtafsiri ana mistari miwili chini ya picha na sekunde chache tu. Anayefanya hivyo bila kumwibia mama heshima yake anastahili jina lake liandikwe kwa herufi kubwa.

Mwongozaji aliyefunzika hafiki na kamera siku ya kwanza. Hufika mikono mitupu, akapokea maziwa ya mursik, akauliza habari za ng'ombe na karo ya shule. Wengine huona huko ni kupoteza muda. Mimi naona humo ndimo filamu inamotengenezwa. Kamera huja baadaye kuichukua.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na hadithi zake nyingi bado husimuliwa na wageni wanaofuata medali. Kaunti na vyuo viwape mabinti wa hapa vyumba vya kuhariri na fedha za miaka, si za wiki. Nawe msomaji, binti akibisha hodi kwako Langas au Kapsoya akiomba kukurekodi, mpe kiti. Muulize filamu itaonyeshwa wapi, na kama wewe utaiona kwanza. Akikujibu bila kukwepa, mkaribishe arudi.