"Fisherman": traki nne za Black Ark ndani ya kadi ya simu

Mpenzi wa rege wa Kabondo, Kisangani, hupata nyimbo kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu ya simu iliyojazwa kwenye kompyuta ya mtu. "Fisherman" ya The Congos, kundi la rege la Jamaika, ikipita njia hiyo ikiwa MP3 iliyobanwa hufika imepungua, na kilichopungua ndicho hasa kilichoupa wimbo uzito.

Mtayarishaji Lee Perry aliurekodi katika Black Ark, studio iliyokuwa nyuma ya nyumba yake mjini Kingston. Albamu, Heart of the Congos, ikatoka 1977. Mashine yake ya TEAC ilikuwa na traki nne tu. Ala zikishajaza traki, alizichanganya na kuzihamishia kwenye traki moja, akapata nafasi ya sauti: Cedric Myton juu kabisa, Roydel Johnson katikati, Watty Burnett chini. Kila uhamisho uliacha mvumo wa kanda na kulainisha ncha za sauti. Juu ya hayo Perry akaweka mwangwi na kifaa cha Mu-Tron kinachofanya sauti izungukezunguke. Hata mlio wa ng'ombe unaosikika katika albamu ni Burnett mwenyewe, akipaza sauti kupitia bomba. Huo ni ufundi wa hali ya juu.

Sasa bana wimbo huo uwe MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Programu hutupa inachokadiria kuwa sikio halitakisikia, na ule mzunguko hafifu nyuma ya waimbaji huharibika mapema. Matoazi huanza kuchuruzika kama maji.

Kugeuza faili hiyo kuwa FLAC, umbizo linalobana bila kupoteza sauti, hakurudishi kilichokwisha tupwa.

Kwa hiyo maktaba nzuri ya nyimbo huanzia kwenye CD, kwa mfano toleo la Blood and Fire la 1996. Wimbo wa dakika sita huchukua takriban MB 63 bila kubanwa. FLAC huupunguza sana bila kupoteza chochote, na kadi ya GB 64 hubeba zaidi ya nyimbo 1,000 za namna hiyo. Nakala ya pili ikae kwenye diski nyingine.

Lebo ya faili itaje toleo na mwaka wake, kwa kuwa albamu hii ina miksi zaidi ya moja. Na katika maktaba ya Kisangani, folda ya jirani iwe ya Seke Molenga na Kalo Kawongolo, Wakongomani waliorekodi kwa Kilingala na Perry humo humo Black Ark.