Amekata Kwanza, Akabana Baadaye

Video ile ya fundi wa karakana ya nyumbani kule Marekani, anayekata kwa kerezo maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa ili yapakiwe tena, imezunguka sana miongoni mwa wapenzi wa kerezo, na najua wengi wenu mmeitazama hadi mwisho. Mashine inavutia na mikono ya fundi ni mitulivu. Lakini pale ganda la .308 Winchester lilipotoka kuoshwa likaenda moja kwa moja kwenye kerezo, bila kupita kwanza kwenye kalibu ya kubania, kazi yote iliyofuata ilikuwa imekwisha haribika. Kupunguza urefu wa ganda kabla ya kulirudishia umbo ni kosa, na hakuna uhodari wa mashine unaoweza kulifuta.

Tulitazame kosa lenyewe. Shaba ya manjano inayotengenezewa maganda ni sehemu 70 za shaba kwa 30 za zinki, metali inayonyumbulika. Baruti inapowaka, ganda hutanuka likajaa chemba ya bunduki, kisha hunywea kidogo tu. Kwa hiyo ganda lililokwisha kupigwa ni nene kuliko lilivyotoka kiwandani, na ndiyo maana mpakiaji wa risasi hulisukuma ndani ya kalibu ya chuma ili lirudi kwenye kipimo. Kalibu hubana mwili na bega kwa pamoja, na shaba iliyobanwa haipotei. Chini kitako kimezuiwa, pembeni kuna ukuta wa chuma. Njia iliyobaki ni kupanda juu, shingoni. Gololi ya kutanulia shingo nayo, inapovutwa kutoka, huivuta shaba pamoja nayo. Ganda hutoka refu kuliko lilivyoingia. Fundi aliyelikata kabla ya hapo ni kama fundi cherehani aliyekata kitambaa cha pamba kabla ya kukiloweka: kipimo chake ni cha kitu ambacho hakitakuwapo tena.

Baya zaidi, ongezeko hilo halilingani. Ganda lililopigwa kwenye bunduki yenye chemba pana hubanwa sana, hivyo hurefuka sana. Lililotoka kwenye chemba finyu hurefuka kidogo. Mmeliona lile bakuli la maganda mezani: alama za viwanda tofauti vitakoni, dalili ya wazi kwamba yameokotwa uwanjani, kutoka bunduki za watu mbalimbali. Yote yalikatwa sawasawa kwenye kerezo, na yote yatatoka kwenye kalibu yakiwa na urefu mbalimbali. Usawa aliotuonyesha kwa kalipa, ganda baada ya ganda, ulidumu hadi pale alipozima kamera akaenda kwenye presi ya kubania.

Kuna jambo la pili ndani ya kosa hilohilo. Kikatio alichotumia kina msumari wa mwongozo unaoingia mdomoni mwa ganda ili makali yakate wima. Msumari huo umetengenezwa kwa kipimo cha shingo iliyokwisha kubanwa. Shingo iliyotanuliwa na mlipuko ni pana kuliko risasi yenyewe, kwa hiyo msumari ulicheza ndani yake. Ile sauti ya kukwaruza mliyoisikia kila makali yalipogusa shaba ndiyo hiyo. Yeye aliilaumu kasi ya mashine, akaipunguza, sauti ikaendelea. Kasi haikuwa na kosa.

Najua jibu la watetezi wake. Urefu wa juu kabisa wa ganda la .308 ni inchi 2.015, naye alikata hadi 2.005, nafasi ya sehemu kumi za elfu za inchi imebaki, basi hata likirefuka halitavuka mpaka. Huenda ni kweli kwa mengi ya maganda yale. Lakini nafasi ile haikuwekwa ili kufunika mpangilio mbovu wa kazi. Iliwekwa ili ganda liweze kupigwa na kupakiwa tena mara kadhaa kabla ya kurudi kwenye kikatio. Yeye ameitumia kabla ya risasi ya kwanza kutoka. Na tusisahau kwa nini mpaka upo: ganda likiwa refu mno, mdomo wake hujikita mwisho wa chemba, ukaibana risasi isiweze kuachia kwa wepesi, na shinikizo la gesi likapanda juu kuliko bunduki ilivyoundiwa. Hapo kinachohatarishwa ni uso na macho ya mpigaji.

Yapo aliyoyafanya vizuri: koleti ya kushikia ganda aliyoichonga mwenyewe ni nzuri, kizuizi cha nyuma ya kitako kimekaa imara, na kichwa cha nyuma cha kerezo kilinyooshwa kwa saa ya kupimia kama inavyotakiwa.

Glavu, hata hivyo, siwezi kuzinyamazia. Nimeliandika hili katika safu hii tena na tena: mkono uliovaa glavu hausogelei kerezo linalozunguka. Kitambaa kikinaswa, mashine haisubiri mtu apige kelele. Kung'arisha ganda kwa sufi ya chuma huku mkono umevaa glavu ni jambo ambalo mwalimu yeyote wa karakana angemtolea mtu nje ya mlango.

Wazee wa kazi hii hawakuwa na mashine za namna hii, na walifanya vizuri zaidi. John Barlow alipoanzisha kampuni ya Ideal mwaka 1884, zana zake zilikuwa za kushikwa mkononi. L. E. Wilson, kule Cashmere katika jimbo la Washington, alitupa kikatio cha mkono ambacho ganda hukaa ndani ya kishikio kwa mteremko wa mwili wake wenyewe. Hakihitaji msumari wa mwongozo, na hadi leo wapigaji wa shabaha wa mbali wanakiamini. Richard Lee alikuja na jambo jepesi kuliko yote: fimbo yenye urefu uliokwisha wekwa, inayopita kwenye tundu la fataki na kukomea chini ya kitako. Ifunge fimbo hiyo na kikatio chake kwenye drili ya mezani, na mashine ya nyumbani itatoa urefu uleule ganda baada ya ganda, bila kizuizi cha kurekebishwa na bila kubahatisha. Zana hizo zilibuniwa na watu waliojua kwanza shaba inakwenda wapi, ndipo wakafikiria makali.

Kerezo la nyumbani linafaa kabisa kwa kazi hii. Ila lifuate mpangilio: osha, bana, pima, kata yale tu yaliyozidi, ondoa makali ya mdomo ndani na nje, kisha pima tena. Mwenye kubana shingo peke yake, kwa maganda ya bunduki yake mwenyewe, atapata ongezeko dogo, lakini yeye pia apime baada ya kubana. Kama umekwisha kuiga video ile, usipakie. Yapime maganda yako yote sasa, baada ya kalibu, na lolote lililovuka 2.015 lirudishe kwenye kikatio kabla halijagusana na baruti.