Michezo ya Darasani Katika Ufundishaji wa Kifaransa na Kihispania: Uhakiki

Vitabu vya mwongozo waandikiwavyo walimu wa Kifaransa na Kihispania katika shule za sekondari vimejaa shughuli za darasani: kadi za kulinganisha, picha mbili zinazotofautiana, maigizo ya mkahawani, imla ya mbio, na kadhalika. Makala haya yanakusudia kuhakiki chache kati ya shughuli hizo. Hatutauliza kama zinafurahisha, kwa maana zinafurahisha na hakuna wa kubisha. Tutauliza zilibuniwa kwa ajili ya mwanafunzi yupi. Dai letu ni kwamba nyingi zilibuniwa kwa ajili ya mtoto ajuaye Kiingereza peke yake, na kwamba ziletwapo Kenya kama zilivyo humfanya kijana mwenye lugha tatu aonekane kana kwamba hana hata moja.

Yafaa kwanza tukumbuke zilikotoka. Hadi katikati ya karne ya ishirini lugha hizi zilifundishwa kwa kanuni za sarufi na tafsiri ya maandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa CREDIF, huko Saint-Cloud, Ufaransa, walitoa kozi iitwayo Voix et Images de France, ambamo mwanafunzi alitazama picha, akasikiliza kanda, akarudia. Kisha katika 1975 na 1976 Baraza la Ulaya lilitoa maelezo ya kiwango cha chini cha kujitegemea katika mawasiliano, kwanza kwa Kiingereza na halafu kwa Kifaransa, na tangu hapo neno mawasiliano likashika hatamu. Shughuli tunazozihakiki ni watoto wa zama hizo za mawasiliano. Wazazi wao walikuwa na hoja nzuri: lugha ni ya kutumiwa, si ya kukaririwa. Lakini mawasiliano huwa baina ya watu fulani, na watu hao huja darasani na lugha fulani vinywani mwao.

Na tuanze na imla ya mbio, kwa kuwa ndiyo ipendwayo kuliko zote. Mwalimu hubandika kifungu ukutani. Wanafunzi hukaa wawili wawili. Mmoja hukimbia, akasoma sentensi, akarudi na kumtamkia mwenzake aandike. Miongozo mingi huipendekeza kwa Kifaransa na kwa Kihispania bila kutofautisha, kana kwamba lugha hizi mbili zaandikwa kwa namna moja. Sivyo hata kidogo. Kihispania kina irabu tano, kama Kiswahili, na maandishi yake yanakaribiana sana na matamshi; mwandishi atatatizwa na machache, kama vile h isiyotamkwa, na b na v zinazosikika sawa. Mwanafunzi wa Kenya huweza kuiandika sentensi ya Kihispania asiyoielewa na asikosee sana. Kwake yeye mchezo huu ni mazoezi ya miguu.

Katika Kifaransa mambo hugeuka. Chukua sentensi hii: Les petites filles chantent. Macho yaona wingi mara nne. Sikio lausikia mara moja tu, katika neno les. Ukisema La petite fille chante, maneno matatu ya mwisho husikika vilevile. Basi aandikaye hawezi kuandika kile alichokisikia. Hana budi kuisikia alama moja ya wingi kisha aisambaze kwa kujua sarufi. Hii ni kazi ngumu na yenye manufaa makubwa, lakini miongozo haiielezi, na mwalimu asiyeizindua huishia kuhesabu makosa na kumpa zawadi aliyekimbia upesi.

Hapa ndipo Kiswahili kingemfaa mwalimu. Tusemapo wasichana wadogo wanaimba, wingi huja mwanzoni mwa kila neno. Sikio la mwanafunzi wetu limezoea kuutega wingi mbele, si nyuma. Mtoto wa Kiingereza hungojea s ya mwisho, ambayo Kifaransa huiandika na aghalabu hakiitamki. Wa kwetu hahitaji kuivunja tabia hiyo kwanza. Na tazama jinsi Kifaransa chenyewe kinavyomsaidia: katika les élèves arrivent sauti ya z husikika kabla ya irabu ya nomino, mfano wa kiambishi cha mbele. Vivyo hivyo il arrive na ils arrivent hutofautishwa na z hiyohiyo. Mwalimu angeweza kuibadili imla ya mbio kwa jambo dogo: mwandishi asiandike lolote mpaka amwambie mkimbiaji, kwa Kifaransa, kama ni mmoja au ni wengi, na ni sauti ipi iliyomjulisha. Mbio zingepungua, ni kweli.

Mchezo wa picha mbili una kasoro ya namna nyingine. Kila mwanafunzi ana picha ambayo mwenzake haioni, na wanatakiwa kuvumbua tofauti kwa kuulizana. Wazo ni zuri. Lakini sikiliza lugha itumikayo: ¿Gato? Sí. ¿Tres? No, dos. Tofauti zote kumi huvumbuliwa, kazi imekamilika, wala kitenzi kimoja hakijanyambuliwa. Si uvivu. Wanafunzi wamefanya walichoombwa, nacho hakikudai zaidi.

Ushahidi wa jambo hili haukuanzia kwetu. Mwaka 1965, huko St. Lambert katika jimbo la Quebec, watoto wa wazazi wasemao Kiingereza walianza kufundishwa masomo yao kwa Kifaransa tangu chekechea. Waliochunguza shule za namna hiyo baadaye walikuta kwamba wanafunzi walielewa Kifaransa vizuri mno, lakini katika kusema waliendelea kukosea jinsia ya nomino na maumbo ya vitenzi baada ya miaka mingi. Merrill Swain alihoji katika 1985 kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi. Sharti mwanafunzi asukumwe kutoa lugha iliyo kamili. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta, wakichunguza madarasa ya aina hiyohiyo, walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ni kurudia tu sentensi ya mwanafunzi ikiwa imekwisha kunyoshwa, na kwamba masahihisho hayo ndiyo yaliyomfanya mwanafunzi ajirekebishe kwa uchache zaidi. Ikiwa watoto waliokaa ndani ya Kifaransa siku nzima walibaki hivyo, yatarajiwe nini kwa kijana wa kidato cha pili mwenye vipindi vichache vya dakika 40 kwa juma, katika darasa lililojaa?

Basi mchezo usukume umbo fulani. Lakini umbo lipi? Miongozo huanza na yale ambayo mtoto wa Kiingereza huyaona mepesi, na kuyaahirisha yale yamtishayo. Viwakilishi vya yambwa, kwa mfano, hucheleweshwa, kwa sababu Mwingereza huweka yambwa yake nyuma ya kitenzi na huona ajabu kuitanguliza. Kwetu si ajabu. Namwona, je le vois, lo veo: yambwa i mbele ya mzizi katika zote tatu. Kihispania huenda mbali zaidi. Le di el libro a Juma ina Juma mara mbili, katika le na katika jina lake, jambo ambalo vitabu vya Kiingereza hulieleza kwa kurasa nzima na kuliita marudio yasiyo ya lazima. Mswahili asemaye nilimpa Juma kitabu haoni marudio yoyote. Kumwahirishia jambo hili mpaka mwaka wa pili au wa tatu, eti kwa kuwa ni gumu, ni kumpima kwa kanzu ya mtu mwingine.

Ni vivyo hivyo kwa ile hali tegemezi ambayo imewafukuza wengi katika somo. Mama anataka uende sokoni: Maman veut que tu ailles au marché, Mamá quiere que vayas al mercado. Kiingereza hakina umbo la kitenzi litumikalo hapo kama -e yetu. Kijana wetu amelitumia tangu alipoanza kutumwa dukani. Shughuli ya kutumana, ambapo mmoja hupokea agizo la mtu wa tatu na kulifikisha kwa mwenzake, ingeweza kuwekwa mapema, nayo haiwezi kukamilika kwa neno moja moja kama ile ya picha.

Hatudai kwamba lugha hizi hulingana kila mahali. Natumaini atakuja haina -e katika Kiswahili, wala Kifaransa hakitumii hali tegemezi katika j'espère qu'il viendra. Kihispania huitumia: espero que venga. Sidhani atakuja hutuacha peke yetu, kwani Kifaransa na Kihispania vyote viwili hubadili kitenzi. Na katika amri, nipe hutanguliza yambwa ilhali donne-moi na dame huiweka nyuma. Mitego hii ni halisi. Lakini ni mitego ya Mswahili, na haimo katika orodha ya makosa iliyochapwa mwishoni mwa mwongozo wowote ulioandikiwa mtoto wa London.

Kuhusu jinsia ya nomino tutasema machache. Kadi za rangi mbili, moja ya nomino za kiume na nyingine za kike, zina faida yake, kwa kuwa la table na le livre hazina budi kukaririwa pamoja na vibainishi vyao. Ila mwalimu asidhani analeta habari mpya kabisa. Mwanafunzi aliyefuzu upatanisho wa ngeli za Kiswahili hawezi kushangazwa na la casa blanca. Mmaasai, ambaye kwake olayioni ni mvulana na entito ni msichana, ana jinsia ya kisarufi katika lugha ya mama yake. Na Msomali pia.

Imebaki igizo la mkahawani. Mmoja ni mhudumu, mwingine ni mteja, mahali ni Paris, na kuna orodha ya vyakula ambavyo mwanafunzi hajawahi kuvionja. Wengine wamelilaani igizo hili kwa kuwa ni la kigeni. Hatukubaliani nao kabisa; kujifunza lugha ya watu ni kuonja vyao. Lililo baya ni kwamba igizo hili ndilo pekee, na kwamba linaficha Kifaransa kilicho jirani. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Malori yatokayo bandari ya Mombasa hufika Bujumbura na Goma. Karani wa huko aghalabu atamsemesha dereva kwa Kiswahili, na kwa hiyo igizo la forodhani ambamo kila mtu anasema Kifaransa lingekuwa uongo mwingine. Lakini karatasi apewayo dereva yaweza kuwa ya Kifaransa. Kuisoma, kumweleza dereva kwa Kiswahili, kisha kuijaza kwa Kifaransa kwa majibu aliyoyatoa: hiyo ni shughuli ya watu watatu, ina pengo la habari la kweli, nayo hudai sentensi nzima.

Watasema wafuasi wa mawasiliano kwamba huko ni kurejesha tafsiri kwa mlango wa nyuma. Na iwe. Tafsiri waliyoifukuza ilikuwa ile ya mwanafunzi mpweke na kamusi yake. Ukalimani baina ya watu wawili wanaohitajiana ni mawasiliano kuliko kuulizana idadi ya paka. Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba mwalimu wa Kifaransa huenda asiijue sarufi ya Kiswahili kiasi cha kutosha, kwa kuwa vyuo vyetu humfunza katika idara moja na kumfunza mwalimu wa Kiswahili katika idara nyingine. Hilo ni kweli. Lakini katika shule wawili hao hutumia chumba kimoja cha walimu, na orodha ya mitego tuliyoianza hapo juu wangeweza kuiendeleza kabla ya muhula kwisha, wakianza na makosa yaliyomo katika madaftari wanayoyasahihisha sasa.