Wanaosoma Ukoo wa Ndizi

Kasoli ni nchi ya pamba. Huku Bariadi mgomba ni mgeni, na ndizi tunaifahamu zaidi sokoni kuliko shambani: ya kupika, ya kuiva, ya Bukoba, basi. Pengine ndiyo maana nawaheshimu sana watu ambao kazi yao ni kuutazama mgomba na kusema kwa uhakika ni wa ukoo gani.

Kazi hiyo ilianza kwa macho. Mwaka 1955 Simmonds na Shepherd walichagua sifa 15 za mgomba, kuanzia rangi ya shina hadi umbo la ua, wakazipa alama ili kupima ni kiasi gani kila aina inafuata mzazi wake wa mwituni, Musa acuminata au Musa balbisiana. Kipimo chao kinatumika hadi leo. Lakini sura hubadilika kwa udongo, kivuli na ukame, na jicho hukwama linapokutana na ndugu wa mzazi mmoja. Hapo ndipo alama za vinasaba zinapohitajika.

Mtaalamu hukata jani changa, lile ambalo bado limejisokota, akalisaga na kuanza kupambana na utomvu. Ni utomvu uleule unaotia nguo doa lisilotoka, na usipoondolewa vema huharibu vinasaba kabla havijasomwa. Kisha huzidisha sehemu moja ndogo ya vinasaba hivyo na kuikata kwa kimeng'enya. Asili ya acuminata huacha kipande cha herufi 530. Ya balbisiana huacha viwili, 350 na 180. Kwenye jeli hivyo huonekana kama mistari. Mchare wa Kilimanjaro hutoa mstari mmoja tu, Mkono wa Tembo hutoa yote mitatu. Mistari hiyo inataja wazazi bila kuhesabu mchango wa kila mmoja, kwa hiyo kuna kipimo kingine cha kuonyesha kwamba Mchare una kromosomu 22 na matoke yana 33. Ili kutenganisha ndugu wa karibu zaidi, maabara ya Olomouc, huko Cheki, hulinganisha vituo 19 vya vinasaba ambavyo herufi zake hujirudiarudia. Ni kazi ya subira, na naipenda kwa sababu haimruhusu mtu kukisia.

Kuhusu matoke, alama hizo zilileta jibu zito. Mwaka 1998 Deborah Karamura wa Uganda aliyagawa katika makundi matano kwa sura: Nfuuka, Nakabululu, Nakitembe, Musakala na Mbidde. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa yote yametokana na mgomba mmoja, uliosambazwa kwa machipukizi. Asije mtu akasema kwamba wakulima walitunga majina ya bure. Mbidde ni ya pombe, mengine ni ya kupika, na tofauti ambayo alama hizo haziioni, wakulima waliiona, wakaichagua na kuitunza vizazi kwa vizazi. Kwangu huo ni ushahidi wa ustadi wao.

Jibu la pili linatuhusu zaidi sisi Watanzania. Mchare, pamoja na Mlali wa Zanzibar na Komoro, ni jamaa wa karibu wa Cavendish, ndizi inayojaza maduka ya Ulaya na Marekani. Undugu huo hauonekani mkunguni. Ukifuatwa nyuma zaidi, unafika kwa migomba ya mwituni ya Java na Guinea Mpya, yenye matunda ya mbegu ngumu yasiyolika. Na huko kwa jamaa wa mwituni ndiko watafiti hutafuta kinga dhidi ya mnyauko wa Panama unaoua Mchare. Huwezi kumchagua mzazi wa kuzalisha naye usiyemjua ukoo.

Matunda ya uzalishaji wa namna hiyo yameanza kufika shambani: mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha TARIBAN 1 hadi 4, chotara za matoke. Nawaomba basi maafisa ugani na wanafunzi wanaokwenda kukusanya majani vijijini: kabla ya kuandika namba ya sampuli, andikeni jina ambalo mwenye shamba anaiita migomba yake, na kazi anayoitumia migomba hiyo. Maabara haina njia nyingine ya kuyapata hayo.