Barrymore: Mzee Mmoja, Jukwaa Zima!

Jamani wapenzi wa uigizaji, acheni mnachofanya! Ndiyo kwanza nimemaliza kuitazama filamu ya Barrymore na moyo bado unanidunda. Mtu mmoja jukwaani, karibu saa moja na nusu, na simu sikuigusa.

Anayeigizwa ni John Barrymore, aliyekuwa fahari ya jukwaa la Marekani: Richard III ya Shakespeare mwaka 1920, kisha Hamlet mwaka 1922, iliyochezwa mara 101 New York. Tamthilia ya William Luce inamkuta mwaka 1942, mwaka uleule aliofariki. Pombe imeshamla, ndoa nne zimevunjika, Hollywood imemgeuza kichekesho. Amekodi ukumbi ajinoe upya kwa Richard III, na maneno hayaji! Nyuma ya pazia yuko Frank, sauti tu, kazi yake kumkumbusha mistari. Barrymore anaanza Shakespeare, anakwama, anachomeka utani mchafu, anamwiga kaka yake Lionel, kisha dada yake Ethel, anaomba mstari, halafu hata hausikilizi. Maskini Frank!

Sasa sikieni hili. Christopher Plummer, anayemwigiza Barrymore, alikuwa na miaka 81 iliporekodiwa kazi hii Toronto, katika ukumbi wa Elgin, mwaka 2011. Barrymore alifariki akiwa na 60. Yaani mzee mwenye kumbukumbu kali kama wembe anamwigiza mtu mdogo kwake kwa miaka ishirini na mmoja, ambaye yake imeshamtoroka! Kila kusahau kumekaririwa. Kila kigugumizi kiko mahali pake. Na ghafla, katikati ya porojo, Shakespeare inamjia yote: mgongo unanyooka, sauti inajaza ukumbi, na Barrymore wa 1920 huyo hapo mbele yako! Kisha inakatika. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni, majirani wanisamehe.

Mwongozaji Érik Canuel naye apewe haki yake. Maigizo ya jukwaani yakirekodiwa mara nyingi hupoa. Hapa kamera inasogea hadi unaliona jicho likilitafuta neno, jambo ambalo aliyekaa kiti cha nyuma asingeliona kamwe. Utani mwingine umechacha, sikatai. Sijali!

Kwa nafasi hiihii jukwaani Plummer alitwaa tuzo ya Tony mwaka 1997, kwa hiyo alikuwa ameishi na mhusika huyu miaka na miaka. Mnaomjua kwa Kapteni von Trapp wa The Sound of Music tu, bado hamjamjua. Na kama Shakespeare yako iliishia kwenye Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, usiogope: Richard III huhitaji kuijua, Barrymore mwenyewe haikumbuki!

Itafuteni. Kiingereza chake kinakwenda mbio, basi wekeni maandishi chini ya picha, na msiitazame kwenye simu. Uso ule unataka skrini kubwa.