Mvulana Ambaye Hakuna Aliyemuuliza

Katika Injili ya Marko, sura ya tisa, baba analeta mwanawe kwa Yesu. Mtoto anaanguka chini, anagaagaa, povu linamtoka. Yesu anauliza hali hii ilianza lini. Baba anajibu. Waandishi wanabishana na wanafunzi, umati unakuja mbio, na hata pepo anapata nafasi ya kulia kwa sauti kabla ya kutoka. Mathayo anasimulia kisa hichohicho, na hapo Biblia yetu ya Kiswahili inautaja ugonjwa kwa jina: kifafa.

Mvulana mwenyewe hasemi neno hata moja. Anashikwa mkono, anainuliwa, kisha wanafunzi wanaingia ndani kuuliza kwa nini wao walishindwa. Hakuna anayemuuliza, wewe ulikuwa wapi muda huo wote?

Sisemi hivi kuwachokoza wapenda Biblia, hapa Kinoru nitakula wapi nikifanya hivyo. Nasema kwa sababu kisa hiki ndicho kielelezo. Vitabu vingi vilivyofuata vimekopi mpangilio wake: mmoja chini, wengine wamesimama, na stori ni ya waliosimama.

Chukua Julius Caesar, tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya 1969 kama Juliasi Kaizari. Mtawala wa Rumi anaanguka sokoni mbele ya umati, na sisi hatuoni. Tunaletewa habari na Casca, msee mwenye dharau, anayeisimulia kama kichekesho. Brutus anajua tayari kwamba Kaizari ana ugonjwa huo. Cassius anaudaka palepale na kuugeuza fumbo la siasa: sisi ndio tunaoanguka, si yeye. Mtu bado hajapata nguvu za kusimama na ugonjwa wake umeshakuwa methali ya wengine.

Lakini kuna jambo Casca analitaja akicheka, na nadhani ndilo la kweli kuliko yote katika onyesho hilo. Kaizari alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba radhi. Kama amesema au kufanya lolote baya, watu wamsamehe, ni ugonjwa. Huyu ni jemadari aliyeteka nchi za watu. Anaamka chini, watu wamemzunguka, hajui nini kimetokea, na neno la kwanza ni samahani.

Binti ya shangazi yangu ana miaka kumi na sita na ana kifafa. Nikimuuliza kuhusu kuanguka, hana mengi ya kuniambia, kwani yeye ndiye mtu pekee ambaye hakuona. Anachokijua vizuri ni dakika ya baadaye: nyuso, sketi iliyolowa, na kusema samahani. Aliwahi kuzinduka kwenye ngazi za uwanja wa Kinoru siku ya mashindano, na watu wakiwa wameacha duara pana, hakuna aliyemkaribia isipokuwa mama mmoja muuza njugu aliyemlaza ubavu na kumfunika leso. Wengine walikuwa wanaitisha kijiko cha kumtia mdomoni (tafadhali, hakuna kitu kinachotiwa mdomoni, hata kijiko). Video aliiona jioni, kwenye simu ya mtu mwingine. Casca sasa ana kamera.

Hapa ndipo namrudia Dostoevsky, ambaye mwenyewe aliishi na kifafa. Wanaompenda hukimbilia The Idiot, kwa Prince Myshkin, mtakatifu ambaye sekunde chache kabla ya mshtuko huona nuru na utulivu usioelezeka. Ni kurasa nzuri, na angalau tuko ndani ya kichwa cha mwenye kuanguka. Lakini manze, mpe kijana wa kidato cha pili kitabu hicho na umwambie ugonjwa wake ni mlango wa nuru. Atakutazama tu. Kumfanya mgonjwa malaika ni njia nyingine ya kutoketi naye.

Aliyenikaa moyoni zaidi ni Smerdyakov wa The Brothers Karamazov, na hakuna anayempenda. Ni mtumishi, muuaji, mtu wa kinyongo. Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna mvulana wa miaka kumi na miwili anayefundishwa Biblia na Grigory, mzee aliyemlea. Mvulana anauliza: ikiwa Mungu aliumba nuru siku ya kwanza, na jua siku ya nne, ile nuru ya siku ya kwanza ilitoka wapi? Swali la mtoto mwerevu. Anapigwa kofi. Wiki moja baadaye anaanguka kwa mara ya kwanza, na ugonjwa haumwachi tena maishani.

Dostoevsky anapita hapo haraka, kama anayetaja hali ya hewa. Baada ya hapo kijana anajifungia, anadharau kila mtu, anaitazama supu kwenye kijiko kama anatafuta sumu. Karibu wahusika wote wanaliita hilo tabia mbaya. Leo mshauri yeyote wa vijana angesimama hapo hapo. Madaktari wanajua kwamba sonona na wasiwasi huwapata watu wenye kifafa kuliko wengine, na kwamba hatari ya kujiua iko juu. Riwaya inalijua hilo kabla yao: Smerdyakov anajinyonga usiku wa kuamkia kesi, na wanaobaki wanajadili ushahidi.

Kuna jambo la kuuma zaidi. Mwaka 1978? Hapana, karne moja kabla: Mei 1878, mwana mdogo wa Dostoevsky aitwaye Alyosha alifariki kutokana na kifafa, hajafika miaka mitatu. Katika riwaya iliyofuata, jina la mtoto huyo lilikwenda kwa ndugu mwema kuliko wote. Ugonjwa wake ulikwenda kwa yule anayechukiwa. Baba aliyejua maumivu haya kwa mwili wake na kwa kaburi la mwanawe bado alivitenganisha viwili hivyo. Kama yeye alishindwa kuwaweka pamoja, upendo na kifafa katika mtu mmoja, tusishangae watu wa mtaani.

Na mtaani tunajuana. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyefanya kazi Mahenge, Tanzania, kuanzia miaka ya 1960, aliandika jinsi watu walivyomkimbia aliyeanguka wakiogopa kwamba mate yanaambukiza, hata kama ameangukia moto. Makovu ya kuungua yalikuwa sehemu ya ugonjwa. Sisi tunajiona tumeendelea. Huku kwetu Kenya, kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Maana yake, kijana kama Smerdyakov angenusurika Meru miaka michache tu iliyopita, angeamkia kesi.

Kwa hiyo ninataka kitabu gani? Si cha kampeni, chenye daktari anayehutubia ukurasa wa mwisho. Nataka riwaya inayojua kwamba kuanguka huchukua dakika mbili na siku ina saa ishirini na nne. Inayojua preps za saa kumi alfajiri, na kwamba kukosa usingizi huleta mshtuko, hivyo bidii ileile inayosifiwa shuleni ndiyo inayomwangusha. Inayojua phenobarbitone, dawa ya tangu 1912, ya bei nafuu, na jinsi inavyoweza kumfanya mtoto asinzie darasani kisha aitwe mvivu. Inayojua kumficha mpenzi vidonge. Na iwe na mzaha, kwa sababu huyu binti wetu ana mzaha mkali kuliko Casca.

Kwa sasa maandishi ya karibu zaidi na ninachokitaka ni daftari lake la kliniki. Lina safu za tarehe, saa, na muda wa mshtuko. Kurasa za kwanza ni mwandiko wa mama yake, nadhifu, kila safu imejazwa. Kutoka mwaka jana mwandiko ni wake, na safu ya muda anaiacha wazi, kwa sababu hana njia ya kuujua. Pembeni, mahali pasipo na safu, ameanza kuandika vitu vingine: nani alikuwa amekaa naye alipozinduka, nani alicheka, alikuwa anawaza nini kabla. Daktari, aliniambia, husoma safu tu. Nilimwomba ruhusa nisome pembeni. Akafikiria, akanipa kurasa nne, akaikunja ya tano.