Karani wa Mikimbio Thelathini

Tarehe 22 Agosti 2007, katika uwanja wa Camden Yards mjini Baltimore, Texas Rangers waliwachapa Baltimore Orioles mikimbio 30 kwa 3. Tangu Chicago walipowatandika Louisville 36 kwa 7 mwaka 1897, ligi kuu za besiboli Marekani hazikuwa zimeona timu ikivuna kiasi hicho katika mchezo mmoja. Wapigaji walisifiwa, na walistahili. Sifa zangu mimi nazipeleka kwa karani wa mchezo, anayeandika kila tukio hadi la mwisho, hata pale ushindani ulipokwisha zamani.

Ufundi huo unamdai sana Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti mzaliwa wa Exeter, Uingereza, aliyehamia Brooklyn akiwa mtoto na kulijenga jedwali la mchezo katika karne ya 19. Kila mlinzi ana namba: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, na kuendelea hadi 9. Karani akiandika 6-4-3, msomaji anauona mpira ukiokotwa kati ya kituo cha pili na cha tatu, ukipelekwa cha pili, kisha cha kwanza, na watu wawili wakitolewa.

Sasa usome mstari wa Rangers siku ile: 0 0 0 5 0 9 0 10 6. Anayesikia 30 kwa 3 hudhani Orioles walizidiwa tangu mwanzo. Jedwali linamkatalia: baada ya awamu tatu wao ndio walioongoza, 3 kwa 0. Halafu ifikirie awamu ya nane. Karatasi imepangwa safu moja kwa kila awamu. Wapigaji wote tisa wakipita kabla hajatolewa mtu wa tatu, safu imejaa; karani huvamia ya jirani na kurekebisha namba za awamu zinazofuata, huku mpigaji mwingine tayari amesimama.

Humo ndimo tunamojua kwamba mavuno hayakutoka kwa vigogo peke yao. Jarrod Saltalamacchia na Ramón Vázquez, wapigaji wa nafasi ya nane na ya tisa, kila mmoja alileta mikimbio 7. Na hasara nayo ina wenyewe: Cabrera 6, Burres 8, Bell 7, Shuey 9. Warushaji wanne wa Orioles, jumla 30, hakuna mkimbio uliotupwa bila mwenyewe.

Wengi waliicheka alama ya kuokoa mchezo aliyopewa Wes Littleton, mrushaji aliyemaliza awamu tatu za mwisho timu yake ikishinda kwa tofauti ya 27. Mimi naitetea. Kanuni inamruhusu anayefunga mchezo kwa awamu tatu nzuri, na karani akianza kupuuza kanuni kwa sababu matokeo yanachekesha, kesho hatutaamini tarakimu yake yoyote.

Tena kuna mchezo wa pili unaosubiri, kwani timu hizo zilikutana mara mbili siku hiyo. Kabla ya hapo karani sharti ahakiki: mara zote wapigaji walizosimama lazima zilingane na mikimbio 30, waliobaki vituoni, na 27 waliotolewa. Ikipungua hata moja, anarudi awamu ya kwanza kuitafuta.